Kilicho Hai Kina Saa Yake na Hiari Yake: Nasaha kwa Vijana Wapiga Picha wa Bustanini



Masika yamekatika na kipupwe kimeingia. Hapa Tanga udongo bado una unyevunyevu, asumini zimefunga vitumba, bogavilia zimefunika kuta za mtaa wa Raskazone, na paka wa kila nyumba amepata pa kujinyoosha. Nawaona, wajukuu zangu, mkipita na simu mkononi: mnainua, mnabonyeza, mnaondoka. Nafurahi kuona kijana anasimama kutazama ua. Lakini kila kazi ina adabu zake, na kazi ya kupiga picha vitu vyenye uhai inazo nyingi. Nimeshika kamera tangu zama za filamu, na ningependa mrithi niliyonayo ningali na nguvu za kuyasema.

Neno langu ni moja. Ua lina saa yake, na mnyama ana hiari yake. Anayeviheshimu viwili hivyo hupata picha. Asiyeviheshimu hukiharibu kitu chenyewe kwanza, na picha nayo haipati.

Nianze na saa, maana mwanga ndio mwanzo wa kila kitu.

Mafunzo mengi mnayoyatazama simuni yametengenezwa Ulaya na Marekani, na yanahusu machipuko yao, kati ya Machi na Mei, baridi inapokwisha na maua kufumuka kwa pamoja. Kule jua hupanda kwa mshazari, kwa hiyo ule mwanga laini wa asubuhi na wa jioni hukawia. Sisi tuko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta. Jua letu hupanda karibu wima, nyuzi kumi na tano hivi kila saa, na mwezi wa Machi na tena Oktoba hupita utosini kabisa. Likichomoza saa kumi na mbili na nusu, kufika saa mbili na nusu mwanga umeshakuwa mkali, vivuli vimekoza, na petali nyeupe zimeungua pichani usibaki hata mshipa mmoja wa kuonekana. Basi mkisikia mwalimu wa mbali anasema mnao muda mrefu wa kujipanga, jueni hasemi na nyinyi. Huku kwetu mwamke mapema, mwe bustanini jua linapotokeza, au mrudi kuanzia saa kumi na moja jioni.

Siku ya mawingu msiinunie. Wingu hulitawanya jua, likaufanya mwanga uje kutoka kila upande, na ua likaonekana lote bila kivuli kilichokatwa kwa kisu. Majani yaliyolowa hayang'ai kupita kiasi, na rangi ya waridi hukaa palepale ilipo. Ikiwalazimu kupiga picha saa sita mchana, mwombeni mwenzenu ashike shuka jeupe jepesi kati ya jua na ua, mtaona tofauti papo hapo. Na kama upande mmoja wa ua una giza, wekeni karatasi nyeupe upande huo irudishe mwanga. Vitu hivi vipo nyumbani, havihitaji fedha.

Ua nalo lina saa yake, mbali na ile ya jua. Hili ndilo linalowapita vijana wengi, kwa sababu hawakuishi na ua, wamelikuta tu njiani. Asumini hufunguka jioni, ikanukia usiku, na asubuhi nyingi huwa zimekwisha kudondoka. Mabibi zenu wanaotunga vikuba wanalijua hilo, ndiyo maana huchuma vitumba alasiri, kabla havijafunguka. Anayekwenda kuipiga picha asumini saa nne asubuhi anakuta mabaki. Yungiyungi la kwenye maji ni kinyume chake: hufunguka asubuhi, na mchana ukisogea linajifunga. Ua la hibiskasi kwa kawaida huishi siku moja, likisinyaa limekwenda, kwa hiyo la leo lipige picha leo. Alizeti likiwa changa huligeukia jua kutwa nzima, lakini likikomaa hutulia likitazama mashariki. Watafiti wameona kwamba kuelekea huko hulipasha joto mapema asubuhi, na nyuki hulipenda zaidi. Kwenu nyinyi maana yake ni hii: asubuhi simameni upande wa mashariki wa shamba, na alizeti zote zitawatazama usoni zikiwa na mwanga na nyuki juu yake.

Kabla ya kupiga picha ua lolote, ulizeni: hufunguka lini, hufunga lini, nani hulitembelea? Mkimuuliza bibi au mtunza bustani, mtapata jibu ambalo simu haina.

Sasa niseme juu ya mkono na jicho. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Picha nyingi za maua zinakuwa dhaifu kwa sababu mpiga picha alisimama wima akatazama chini, akaliona ua kama anavyoliona kila mpita njia. Pigeni goti. Laleni chini ikibidi, nguo zitafuliwa. Mkiwa sawa na kimo cha ua, nyuma yake hapatakuwa na mchanga tena, patakuwa na majani ya mbali au anga, na ua litajitenga lenyewe. Kisha tazameni nyuma ya ua kabla hamjalitazama ua. Kamba ya nguo, ndoo ya buluu, waya wa umeme: vyote hivyo huingia pichani bila kualikwa. Hatua moja kushoto au kulia hutosha kuviondoa.

Msiisogeze simu mpaka iguse petali. Lenzi kuu ya simu nyingi haioni vizuri kitu kilicho karibu mno, na picha inatoka na ukungu. Rudini nyuma kidogo, kisha ivuteni picha kidogo. Gusa kioo pale unapotaka paonekane wazi zaidi, na ukiona weupe umezidi, uteremshe mwanga kwa kidole. Maua mekundu sana yana tatizo lake. Mkrismasi unapowaka mwezi wa Novemba na Desemba, kamera hushindwa kuubeba wekundu ule, na ua zima linageuka bapa lisilo na mikunjo. Dawa ni hiyohiyo: punguza mwanga mpaka mikunjo irudi, giza lililobaki utalirekebisha baadaye.

Upepo nao una ratiba. Alfajiri pwani huwa shwari, upepo wa bahari huanza jua likishapanda na ardhi ikipata moto. Ukikuta ua linatikisika, usilishike kwa nguvu wala usilikate ukalipeleke ndani. Subiri. Hakuna upepo usiopumzika, na ukipumzika ua husimama kwa muda wa kutosha mtu aliyekwisha kujitayarisha. Jani likikuziba njia, lisogeze kwa mkono kisha uliachie. Matone ya maji unayoyataka juu ya petali, umande huyaleta bure.

Niwakumbushe pia kwamba mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36, na kila moja ilikuwa na gharama. Ile gharama ndiyo iliyotufundisha kutazama kabla ya kubonyeza. Simu yenu haina kikomo hicho, basi jiwekeeni wenyewe. Chagueni ua moja, upeni mkono wenu muda wa kulizunguka, na mpige chache.

Nije kwa wanyama, ambao kwao nataka nikae zaidi, kwa sababu ua likionewa halipigi kelele, lakini mnyama akionewa tunamsikia na bado wengine wanaendelea.

Paka wa bustanini ana nyakati zake za uchangamfu, nazo ni alfajiri na magharibi. Tazameni jinsi alivyowarahisishia kazi: saa anayocheza ndiyo saa mwanga wenu ulipo mzuri. Mchana analala, mwacheni alale. Mkitaka macho yake, mtafuteni kivulini. Kwenye jua kali mboni yake hufinyika ikawa mstari mwembamba, na uso wake huonekana mkali. Kivulini mboni hupanuka, na uso unalainika. Paka mweusi juani hutoka kama doa tu, msubirini aingie penye mwanga wa ubavuni, mguse uso wake kwenye kioo, na manyoya yake yataanza kuonekana moja moja. Lengeni jicho siku zote. Jicho likiwa wazi, hata mkia ukiwa na ukungu picha imesimama.

Msiwashe flashi. Nyuma ya jicho la paka na la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga, ndio unaowasaidia kuona gizani. Flashi ikiugusa, macho hung'aa kijani au manjano na mnyama hukosa sura yake. Isitoshe anashtuka, na mnyama aliyeshtuka hakupi nafasi ya pili.

Sasa ile hiari niliyoitaja. Paka hapendi kukodolewa macho, kwake huo ni uchokozi. Na simu iliyoinuliwa usoni mwa mtu, kwa paka, inaweza kuwa jicho moja kubwa linalomkodolea. Kaa chini. Simu iache pajani kwanza. Mtazame kwa upande, kisha ufumbe macho taratibu na kuyafumbua. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, walionyesha kwamba paka wanaofumbiwa macho taratibu hivyo huelekea kurudisha ishara ileile, na huwa wepesi zaidi wa kumsogelea mtu. Mabibi wengi wa mitaa yetu wamekuwa wakifanya hivyo vibarazani bila kuambiwa na mtafiti. Ukikaa kwa utulivu, paka ataendelea na shughuli zake, atanusa ua, atamwinda panzi, atajilamba. Hapo ndipo pa kuinua simu polepole na kubonyeza kwa kushikilia, ili ipige mfululizo, kisha uchague.

Mbwa ana hiari ya namna nyingine. Yeye hupenda kumridhisha mwenyewe wake, kwa hiyo anavumilia mengi ambayo hayataki. Jifunzeni kumsoma. Mbwa anayejilamba pua bila chakula, anayepiga miayo bila usingizi, anayegeuza kichwa pembeni, anayeonyesha weupe wa macho, anasema imetosha. Paka akilaza masikio nyuma na kupigapiga mkia chini anasema hivyohivyo. Mkiona dalili hizo, wekeni simu mfukoni. Picha ya mnyama mwenye hofu haina uzuri, hata mwanga ungekuwa mzuri namna gani.

Kuna mambo nawakataza waziwazi, kama babu anavyokataza. Msimvishe mnyama nguo na kofia ili watu wacheke. Msimnyanyue sungura kwa masikio, mbebeni kwa kumkingia kifua na makalio. Msimfunge paka kamba ili atulie. Msimtishe mbwa kwa ajili ya video. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na hata isingekuwapo, wengi wenu mmesoma madrasa ile hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha. Mnyama wa nyumbani ni amana. Amana haigeuzwi kichekesho.

Inakuja sasa picha inayopendwa kuliko zote, ya mnyama katikati ya maua. Hapa lazima mjue mnachokifanya, kwa sababu kuna maua yanayoua. Zile lili zinazouzwa kwenye mashada, si yungiyungi letu la majini, ni sumu kubwa kwa paka. Akila jani au petali, akijilamba chavua iliyomdondokea manyoyani, hata akinywa maji ya chombo lilimowekwa shada, figo zake zinaweza kushindwa kufanya kazi. Oleanda, ule mti wa maua ya waridi na meupe unaopandwa sana kando ya barabara, una sumu kila sehemu yake, nayo hushambulia moyo wa mnyama na wa binadamu pia. Mnyaa wa kwenye ua wa nyumba hutoa utomvu mweupe unaochoma macho vibaya, kwa hiyo msimpitishe mbwa hapo wala nyinyi wenyewe msivunje tawi ili mpate nafasi ya kupigia picha. Msimvike mnyama shada shingoni kama hamlijui ua lililomo. Na kama mnyama ameonja kitu mnachokishuku, mpelekeni kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, pamoja na kipande cha mmea wenyewe. Msingoje aonyeshe kuumwa.

Mkishayajua hayo, tafuteni mahali salama ambapo mnyama hupita kwa kawaida yake. Kila paka ana njia zake bustanini, na kila mbwa ana pembe anayoipenda. Jipangeni pale penye maua yasiyo na madhara, karibu na waridi, mchague mandhari yenu, mtulie, mngoje aje kwa miguu yake. Picha ya namna hiyo huonekana kweli kwa sababu ni kweli: yule kiumbe alikuwa pale kwa kupenda kwake.

Nawasikia wengine wakisema hawana kamera nzuri wala hawajasafiri. Sikilizeni habari za waliotangulia. Anna Atkins wa Uingereza alianza mwaka 1843 kutoa kitabu cha picha za mwani, na hakutumia kamera hata kidogo. Aliulaza mmea juu ya karatasi iliyopakwa dawa, akauanika juani, na umbo lake likabaki kwenye karatasi ya buluu. Karl Blossfeldt alikuwa mwalimu wa sanaa mjini Berlin. Alijitengenezea kamera yake, akapiga picha machipukizi na maganda ya mbegu za mimea ya kawaida kwa ajili ya wanafunzi wake, na kitabu chake cha mwaka 1928 kikamtangaza duniani. Imogen Cunningham wa Marekani alikuwa mama wa watoto watatu wadogo wa kiume. Miaka ya 1920 majukumu ya nyumbani yalimzuia kwenda mbali, akageuza kamera kwenye mimea ya nyumbani kwake. Picha yake ya ua la magnolia, ya mwaka 1925 hivi, inatazamwa hadi leo. Wote watatu walikaa na mimea kwa muda mrefu kuliko wenzao walivyokuwa tayari kukaa, na hilo ndilo walilowazidi.

Na hapa kwetu hatuna upungufu wa cha kutazama. Kile kiua kidogo cha zambarau kinachopandwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani, Saintpaulia, asili yake ni misitu ya Usambara, juu yetu tu hapa, na milima mingine ya Tanzania na Kenya. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, alikipeleka kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1893 Hermann Wendland akakipa jina la huyo mtawala katika vitabu vya sayansi. Porini huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Leo makazi yake yanapungua kwa sababu ya ukataji wa misitu. Mkibahatika kufika Amani, huko Usambara, mkakiona, kipigeni picha kwenye mwamba wake, mkiache kwenye mwamba wake. Msitangaze mahali hasa kilipo, na kumbukeni kwamba picha ya simu mara nyingi hubeba alama ya mahali ilipopigwa. Fanyeni vivyo hivyo Kitulo, kule nyanda za juu kusini, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambako watu huchimba viazi vya okidi kwa ajili ya biashara ya chakula. Bandu bandu huisha gogo. Adabu mnayojifunza kwa asumini ya nyumbani ndiyo mtakayokwenda nayo huko.

Mwisho, zitunzeni picha zenu. Kila jioni futeni zisizo na maana, na zile zinazobaki ziandikieni tarehe, mahali, jina la ua kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani kama mnalijua. Mnyama mwandikieni jina lake. Fanyeni hivyo mwaka hadi mwaka, mtakuwa na kumbukumbu ya lini mwarobaini ulitoa maua, lini vuli ilichelewa, lini vipepeo walikuwa wengi. Majira yanabadilika, na tunahitaji watu walioyaandika kwa macho yao. Chache mlizozipenda zaidi zichapisheni, mwape wenye bustani waliowakaribisha. Na bustani ya mtu haiingiwi bila hodi, hata kama maua yake yamevuka ukuta.

Wajukuu zangu, ninayowataka myafanye ni madogo. Chagueni ua moja na mnyama mmoja wa karibu. Wiki nzima watazameni bila kupiga picha, mjue ua linafunguka saa ngapi na mnyama anapita wapi. Wiki inayofuata ndipo mlete simu. Kisha mje mnionyeshe, tuzitazame pamoja barazani, nami nitawaambia nilichokiona. Mwenyezi Mungu awape macho yasiyochoka na mikono isiyodhuru.